Shamba linalolala si pori: udongo, maji na kilimo cha wazee wetu katika Fizi na Baraka



Ukimuuliza leo mama anayetoka shambani pande za Mboko, Lweba ao Mukera sababu gani mihogo yake imekuwa myembamba sawa kidole, atakujibu kwa maneno mawili tu: "Udongo umechoka." Vijana wanaongeza maneno yao: eti ni laana, eti ni jirani ameroga shamba. Kwa maneno kama hayo watu wamekosana, na familia zimehamishana kijiji. Katika kitabu hiki cha mila zetu nimeona vema tulichukue lile neno la mama, "umechoka", na tulifuate katika historia. Udongo unachoka namna gani? Nani aliuchosha? Na wazee wetu walifanya nini ili upate nguvu tena?

Jambo ninalotaka kuonyesha ni moja. Wazee walijua kwamba shamba lazima lilale. Tangu mwaka 1885, sheria, kazi ya lazima na vita vimefundisha watu kuogopa kulaza shamba, kwa sababu shamba lililolala liliitwa pori lisilo na mwenyewe. Uchovu wa udongo wetu njo unaanzia hapo.

1. Mmea unakula nini?

Kabla ya kuhukumu mtu kwa uchawi, tuanze na mmea wenyewe.

Karibu miaka mia nne iliyopita, katika inchi inayoitwa leo Ubelgiji, kulikuwa mganga mmoja, Jan Baptist van Helmont. Alitaka kujua mti unatoa wapi mwili wake. Alikausha udongo, akaupima, ukafika karibu kilo 90, akautia ndani ya chombo kikubwa. Akapanda humo mti mdogo wa kilo 2 na kitu. Kwa miaka 5 hakuupa kitu kingine, maji tu. Kisha akaung'oa: ulipita kilo 76. Akakausha udongo tena akaupima. Ulikuwa umepungua gramu 57 hivi, sawa konzi moja ya mkono.

Van Helmont alifikiri kwamba mti wote umetoka katika maji. Habari ile ilichapwa mwaka 1648, yeye akiwa amekwisha kufa. Alikosea kidogo. Wataalamu waliomfuata walionyesha kwamba majani yanachukua hewa, na kwa nguvu ya mwangaza wa jua yanaichanganya na maji na kutengeneza chakula cha mmea. Sehemu kubwa ya mti inatoka katika hewa na maji.

Lakini tusizisahau zile gramu 57, kwa maana historia yetu imo ndani yake. Ni chumvichumvi za udongo: azoti inayoleta majani mabichi, fosfori inayosaidia mizizi na mbegu, potasi inayonenepesha mihogo na ndizi, pamoja na nyingine ndogondogo. Ni kidogo sana, na bila hiyo mmea haufiki popote. Katika karne ya 19 Justus von Liebig, mtaalamu wa Ujerumani, alieneza fundisho hili: kile kinachopunguka kupita vyote njo kinachopima mavuno. Ni sawa mtu anayejenga nyumba. Hata awe na misumari tele, mbao zikikosa, nyumba itasimama palepale zilipoishia.

Kila vuno basi linaondoka na gramu zake. Unapobeba gunia la mihogo mpaka soko la Baraka, umebeba na chumvi ya udongo wako. Swali la kilimo chote ni hili: gramu hizo zitarudi kwa njia gani?

2. Jibu la wazee

Wazee wetu hawakuwa na mizani ya Van Helmont, lakini jibu walikuwa nalo.

Wakati wa kiangazi, toka mwezi wa sita mpaka wa nane, wababa walikata pori na miti. Kabla ya mvua za Septemba walichoma. Majivu yalirudisha potasi na kalisi, yakapunguza ukali wa ule udongo mwekundu wa milimani ambao mvua imeuosha miaka na miaka. Mvua ya kwanza ikianguka, wamama walipanda. Hawakupanda mbegu moja peke yake: mahindi, maharagi, maboga na karanga vilichanganyika katika shamba moja. Mgeni aliona fujo. Lakini mahindi yalisimamisha maharagi, maboga yalifunika udongo ili jua lisiukaushe na mvua isiupeleke bondeni, nayo maharagi yalifanya kazi iliyofichika. Ng'oa mharagi utazame mizizi yake: utaona vivimbe vidogo kama shanga. Ndani yake mnakaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokamata azoti ya hewa na kuilisha mmea. Majani na mizizi ikioza shambani, sehemu ya azoti ile inabaki kwa udongo.

Baada ya misimu miwili ao mitatu waliingiza muhogo, kwa kuwa muhogo unavumilia udongo uliopungua nguvu. Ulifunga shamba. Wakati mama anaendelea kuchimba polepole, pori lilianza kurudi katikati ya mashina. Halafu shamba liliachwa lilale miaka mingi, hata kumi na kupita. Miti yenye mizizi mirefu ilivuta chumvi toka chini na kuziangusha juu kwa majani yake. Huko njo kurudisha gramu.

Namna gani walijua kwamba limeamka? Walisoma majani. Palipojaa lile jani kali lenye maua meupe sawa pamba, walipita: udongo bado unalala. Palipoota matete manene na miti laini, walisema sasa inafaa. Karibu na nyumba mambo yalikuwa mengine. Ndizi za nyuma ya jiko hazikuhamishwa, kwa sababu kila siku zilikula majivu, maganda na takataka za nyumbani.

Na shamba lililolala lilikuwa na mwenyewe. Ukoo uliofungua pori ulijulikana. Mchikichi, mgomba ao mwembe uliobaki pale ulikuwa shahidi. Jioni kwenye lubunga, wababa wakiota moto, walikumbushana: kule ni kwa fulani, palilimwa mwaka wa nzige, palale kwanza. Mambo ya udongo yalitunzwa kwa mdomo, na mdomo ule ulikuwa sheria.

3. Mimea iliyokuja kwa mguu na kwa mtumbwi

Tusifikiri kwamba mila hii ilikuwa jiwe lisilogeuka. Wazee walipokea wageni wengi shambani. Muhogo, mahindi na karanga vilitoka Amerika, vikafika pwani ya Atlantiki pamoja na Wareno, vikatembea mkono kwa mkono mpaka kwetu. Wakati Waingereza Burton na Speke walipofika ziwa Tanganyika mwaka 1858, Burton alikuta muhogo na mahindi vikilimwa Ujiji pamoja na mtama, ndizi na mawese. Yeye huyu alivuka mpaka Ubwari, akafikiri ni kisiwa, na jina lake lilibaki kwa ghuba ya Baraka katika ramani za wazungu. Wafanyabiashara Waswahili na Waarabu, waliotawala njia za Ujiji, Kasongo na Nyangwe katika karne ileile, walieneza mpunga na miembe.

Mpunga ulitufundisha somo la maji. Watu wengi wanasema kwamba muhogo unaoza kwa sababu ya "maji mengi". Kwa kweli unakosa hewa. Mizizi nayo inapumua. Maji yakijaa katika matundu madogo ya udongo, hewa inatoka, mizizi inakufa na kuoza. Mpunga umeumbwa vingine: ndani ya shina lake mna njia kama mirija, zinazoshusha hewa toka majani mpaka mizizi. Ndiyo maana wazee waliacha bonde na kando ya mito kwa mpunga, wakapandisha muhogo kwenye tuta na mtelemko. Kila mmea ulipewa makao yake.

4. "Pori lisilo na mwenyewe"

Tarehe 1 Julai 1885 utawala wa mfalme Léopold II ulitoa amri iliyosema kwamba udongo wote usiokaliwa ni mali ya Serikali. Kwa mtu aliyekaa Bruxelles neno hilo lilionekana wazi. Lakini katika inchi ambamo kila shamba linalolimwa lina mashamba mengine kadhaa yanayolala nyuma yake, maana yake ilikuwa nini? Sehemu kubwa ya mali ya ukoo, ile iliyokuwa inarudisha nguvu, iliandikwa kuwa haina mtu. Ulalo wa shamba ukageuzwa utupu. Ile damu ya mpira iliyomwagika pande nyingine za Kongo inajulikana duniani kote. Kosa hili la neno moja halizungumzwi sana, na bado linatuuma.

Kisha ikaja kazi ya lazima. Amri ya mwaka 1917 iliruhusu Serikali kulazimisha wenyeji kulima mimea iliyochaguliwa na wakubwa. Mwaka 1933 ilipangwa isipite siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, zikaongezwa mpaka 120. Katika tambarare za kwetu, toka Ruzizi mpaka Fizi, mmea wa lazima ulikuwa pamba. Aliyekosa kulima alipata faini, gereza na fimbo. Pamba ilitaka mikono katika miezi ileile ambayo maharagi na mahindi yanaitaka. Na mbegu za pamba, zenye chumvi nyingi ya udongo, zilikwenda mashineni pamoja na nyuzi zake. Hazikurudi shambani.

Pamoja na hayo, watu walikusanywa kando ya barabara ili iwe rahisi kuwahesabu na kuwalipisha kodi. Ukipima kwa macho ya karani, ni maendeleo. Kwa macho ya mama mkulima, mashamba yote sasa yalirundikana karibu na barabara, na yale ya mbali yakaachwa kwa nyani na nguruwe wa pori. Udongo wa karibu ukalimwa mwaka kwa mwaka bila kulala.

Tuseme ukweli mpaka mwisho: si kila kitu walicholeta wakubwa wale kilikuwa kibaya. Katika miaka ya 1940 na 1950 watu wa milima ya Kivu walilazimishwa kuchimba mitaro na kupanda majani kwa kukinga mmomonyoko. Ujuzi ule ulikuwa mzuri. Lakini uliletwa kwa faini na matusi, na uhuru ulipofika mwaka 1960 watu waliacha mitaro ijae, wakifikiri wanaacha utumwa. Hasara ile tunaiona kila mvua inaponyesha: tazama mto Mutambala unavyoshuka mwekundu mpaka ziwani. Wekundu ule ni shamba la mtu.

Serikali yetu wenyewe nayo, kwa sheria ya 20 Julai 1973, ilitangaza kwamba udongo wote ni mali ya Serikali. Mkulima wa mila alibaki na mdomo wa wazee, bila karatasi.

5. Vita na jembe

Kisha vita. Uasi wa 1964 uliifanya Fizi-Baraka uwanja wa mapigano. Mwaka 1965 Che Guevara na Wakuba wake walikaa miezi saba katika milima yetu. Watu walikimbilia msituni, wakalima vishamba vya kujificha. Mwaka 1967 Laurent-Désiré Kabila na wenzake walianzisha PRP, na maquis ya Hewa Bora ilidumu miaka mingi. Mtu asiyejua kesho atalala wapi hapandi mchikichi.

Vita ya 1996 ilituangukia Septemba na Oktoba, yaani wakati wa kupanda. Wengi waliacha mbegu ndani ya udongo wakavuka ziwa. Nyarugusu ilifunguliwa Novemba mwaka ule, Lugufu ikafuata mwaka 1997, zote katika mkoa wa Kigoma. Waliobaki ao waliojaribu kurudi walikutana na vita ya pili ya Agosti 1998, na mauaji ya Makobola ya mwisho wa mwaka ule, ambayo hakuna mtu wa Fizi anayeweza kuyasahau.

Katika vita muhogo ulipata cheo kikubwa. Mahindi yakiiva lazima uvune, na askari anakungoja. Muhogo unajificha chini ya udongo hata mwaka na nusu, unachimba kidogo unapopata nafasi. Sombe inachumwa kila siku. Kwa hiyo tulipanda muhogo juu ya muhogo, maharagi na karanga vikapungua. Hakuna wa kulaumu: muhogo ulituokoa. Lakini muhogo unachukua potasi nyingi, na tulipopunguza maharagi tulipunguza na azoti yake.

Kule Tanzania, watoto walikua katika kambi. Kutoka kupita kilometa 4 bila ruhusa kulikatazwa, na chakula kilitoka kwa mgao. Wamama walipanda mchicha na ndizi chache karibu na nyumba, wakamwagilia maji yaliyooshea vyombo. Hivyo walitunza ujuzi kidogo. Lakini mtoto hakujifunza kusoma majani ya pori, kwa sababu pori hakuwa nalo.

Tangu Oktoba 2005 HCR ilianza kurudisha watu kwa meli toka Kigoma mpaka Baraka. Waliorudi mapema wanasimulia jambo la ajabu. Mashamba yao yalikuwa pori kubwa, yamelala karibu miaka kumi. Walikata, walichoma, walipanda, na mavuno ya kwanza yalikuwa ya kushangilia. "Mungu ametupokea," wakasema. Baada ya misimu michache mavuno yakashuka, na maneno ya uchawi yakaanza. Ndugu zangu, uchawi uko wapi hapa? Vita ililaza mashamba yetu bila kupenda, tukala ulalo ule katika miaka mitatu, kisha hatukulaza tena.

Kwa nini hatukulaza? Kwa sababu ya lile neno la 1885. Aliyerudi alikuta mwingine amelima kwake: "Nilikuta pori, halikuwa na mtu." Kesi zikajaa. Kila mmoja akajifunza: ukiacha shamba lako, litachukuliwa. Tena watu wameongezeka; tangu mwaka 2015 tumepokea ndugu wa Burundi pale Lusenda, sawa vile sisi tulivyopokewa Kigoma. Mkulima anajua vizuri kwamba udongo umechoka, na bado analima, kwa sababu jembe njo karatasi yake ya umiliki.

Juu ya hayo ulikuja ugonjwa wa mozaiki, unaokunja majani ya muhogo na kuyatia madoa ya njano. Unaletwa na nzi wadogo weupe, tena unasafiri ndani ya vijiti vya kupanda. Katika miaka ya 1990 na 2000 aina kali ya ugonjwa huu ilitoka Uganda na kuenea Afrika ya mashariki na ya kati. Kupewa kijiti na shangazi ni heshima ya mila yetu. Lakini kijiti chenye ugonjwa kinaambukiza hata kikitolewa kwa upendo. Aina zinazovumilia zilitafutwa na watafiti na kugawanywa katika Kivu. Mojawapo iliitwa Sawasawa.

6. Ziwa nalo

Ziwa letu linachukua na kurudisha. Stanley alikuta mwaka 1876 kwamba Lukuga, mlango wa ziwa, umezibwa. Karibu mwaka 1878 maji yalifunguka njia, na katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka karibu metre kumi. Pwani pana zikatokea. Mvua za 1961 na 1962 zikalipandisha tena mpaka 1964, na wajukuu wameona yaleyale mwaka 2020 na 2021, kisha 2024: nyumba ndani ya maji, mihogo ya pwani imeoza ardhini. Mzee aliyekumbuka 1964 hakujenga pale. Lakini nani alimuuliza?

7. Basi tufanye nini?

Hatuwezi kurudia miaka kumi ya kulaza shamba. Watu ni wengi. Lakini tunaweza kufuata maana yake. Tusitupe majivu ya jiko, tuyapeleke shambani. Maganda ya mihogo na ndizi tuyaozeshe katika shimo. Tusichome kila mwaka, kwa sababu moto unarudisha potasi lakini unapeleka azoti juu na moshi, na katika mtelemko mvua inafagia majivu. Baada ya muhogo, tupande maharagi ao karanga. Tuchague vijiti kwa macho, majani yakiwa bado juu, tusikate popote palipo na madoa. Mitaro ile ya zamani tuifungue, safari hii kwa hiari yetu.

La mwisho ni la lubunga. Katika kila kijiji wazee, wamama na vijana wakae, waandike kwa daftari: shamba hili ni la nani, mashahidi wake ni michikichi gani, limelala tangu mwaka gani. Shamba lililoandikwa hivyo, hata likilala miaka mitatu chini ya majani, asiwepo wa kusema alikuta pori. Mwenyewe akipata usalama huo ataweza kulilaza bila hofu. Na yule jirani aliyesemwa kwamba ameroga mihogo, naye aitwe kwenye kikao hicho, akae mahali pake, aandikishe shamba lake kama wengine.